Kijicho cha Fundi Sikio Juu ya Gesi Mpya

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Mazingira; maofisa ulioongozana nao; majirani zetu wa maduka na bucha; wake zetu, waume zetu na watoto wetu mliokuja kutuona tumevaa mashati safi:

KUKARIBISHA

Karibu sana uwanjani kwetu. Hapo ulipoketi, hadi juzi palikuwa na majokofu kumi na saba yamelala chali. Tumeyasogeza nyuma ya ukuta ili upate kivuli. Kama unasikia harufu ya oili, tuwie radhi. Tumefagia na kumwaga maji, lakini harufu ya miaka thelathini haiondoki kwa ufagio wa siku mbili.

Risala hii imetugombanisha kwenye vikao vitatu. Wengine walitaka tukusifu, tukuombe, tukupigie makofi, basi. Wengine walisema hapana, Mkurugenzi amekuja kufungua kituo cha kukusanyia gesi ya zamani, ajue kituo hiki kimesimama juu ya nini. Waliotaka ukweli wamewazidi wenzao kura tano. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi kifo tulikiona kikipita mlangoni.

HISTORIA FUPI

Uwanja huu ulianza na mafundi sita na turubai moja. Leo tuko arobaini na watatu. Tunatengeneza majokofu ya majumbani, viyoyozi vya ofisini na vyumba vya baridi vya wauza nyama na wauza maua.

Kwa miaka mingi jokofu bovu likiletwa tulikata bomba, gesi ikatoka psssss, fundi akageuza uso, kazi ikaendelea. Hatukujua kwamba gesi ile ikipanda inalila tabaka la ozoni, ambalo ndilo mwavuli wetu dhidi ya ukali wa jua. Mtu wa ofisi yako alipokuja kutueleza mara ya kwanza, tulicheka. Mmoja wetu alimuuliza, "Kwani mimi ngazi ya kufika huko juu ninayo?"

Aliyeuliza hivyo ni Fundi Sikio. Ameketi safu ya pili, ndiye mwenye kofia ya kijivu. Amekaa na katibu wetu alasiri nne akimsimulia mambo yake, akaturuhusu tuyaseme yote, hata yanayomwaibisha.

Ana miaka hamsini na minane, thelathini na mmoja ameimaliza katika kazi hii. Jina la Sikio alipewa kwa sababu ya namna yake ya kupima mashine. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye kompresa, mpini akauweka kwenye sikio la kulia, akafumba macho. Baada ya muda kidogo alitamka ugonjwa: valvu imechoka, oili imepungua, gesi imezidi. Hatukumwona akikosea zaidi ya mara mbili. Gesi nayo aliijaza kwa sikio na kiganja, bila kupima. Mafundi kumi na mmoja wa hapa wamepita mikononi mwake.

Mmoja wao ni Mama Pacha, kwa sasa mwanamke pekee katika umoja wetu. Alikuwa akituuzia chai. Mumewe alipofariki akamwacha na watoto mapacha wa mwaka mmoja, Fundi Sikio alimwambia, "Weka birika chini, shika hii tochi." Alimfundisha kuchomelea bomba la shaba hadi kiungo kikatoka laini kama shanga. Yeye alimwita Baba. Mgeni akipita, Fundi Sikio alimwita binti yake aje kuonyesha mkono. "Tazama," alisema, "hautetemeki." Tulimwonea wivu sisi wengine, maana mikono yetu hakuionyesha kwa mtu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, umeme hukatika, vipuri bandia ni vingi, na wateja huleta friji asubuhi wakalitaka kabla chai haijapoa. Hayo umeyasikia kwingine. Sisi tutakueleza changamoto moja tu, nayo ni kijicho.

Miaka mitatu iliyopita ofisi yako ilituandikia barua. Ilisema gesi za zamani zinaondolewa sokoni hatua kwa hatua, zimekuja gesi nyingine zisizodhuru ozoni, na fundi mmoja kutoka uwanja huu atapelekwa mafunzo ya wiki sita. Fundi Sikio hakuuliza ni nani. Alikwenda kwa fundi cherehani akashona shati la mikono mirefu, akamwambia mkewe ateremshe sanduku juu ya kabati.

"Nikuletee nini?" alimuuliza.

"Niletee akili mpya, hii imechakaa," mkewe akamjibu, lakini sanduku alilipangusa vizuri.

Kikao kikaja. Mwenyekiti akasoma masharti. La tatu lilitaka cheti cha sekondari. Fundi Sikio aliishia darasa la nne. Wenye cheti uwanja mzima walikuwa wawili: katibu wetu, ambaye kazi yake ni ya kalamu, na Mama Pacha, aliyekihifadhi chake kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto.

"Basi ni Mama Pacha," mwenyekiti akasema.

Tukapiga makofi. Fundi Sikio anasema alipiga kuliko sisi sote, ili mtu asipate nafasi ya kumtazama usoni. Kesho yake alikuja kazini amevaa lile shati jipya, akachomelea nalo. Hadi jioni lilikuwa na matundu saba.

Wiki sita zikaisha. Mama Pacha alirudi na mkoba wa bluu wenye magurudumu. Ndani mlikuwa na mizani ya kielektroniki, kifaa cha kunusa gesi inayovuja na kadi yenye picha yake. Nyuma yake gari la ofisi yako likashusha mashine ya kunyonyea gesi kutoka kwenye majokofu mabovu. Ilikuwa moja tu, na kwa maandishi yenu ilikabidhiwa kwake. Hakwenda kwake kwanza. Alivuta mkoba hadi kwenye banda la mwalimu wake.

"Shikamoo, Baba. Nimekuja kukuonyesha walichotufundisha."

"Marahaba. Niko kazini."

Hakuwa kazini, Mgeni rasmi. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Mama Pacha alisimama pale kidogo, halafu akauvuta mkoba wake akaenda. Fundi Sikio aliyasikiliza magurudumu yake yakikwaruza changarawe hadi yaliponyamaza.

Toka siku ile wateja wakawa wanaulizia "yule mama mwenye kadi". Akiwaona wamemzunguka akipima gesi kwenye mizani, alinung'unika kwa sauti ya kusikika: "Gramu hamsini, gramu sitini! Fundi gani anapima kama muuza sukari?" Kijiweni akawa na neno moja: "Sikio halipiti kichwa." Watani wakamjibu, "Sikio si ndiye wewe, Mzee? Kichwa basi ni nani?" Wakacheka. Yeye hakucheka.

Halafu akaanza kusema kwamba gesi ya yule mama ni bomu. Neno hilo lilikuwa na ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyolipa miguu. Gesi mpya ya majokofu madogo huwaka kweli. Lakini huwekwa kidogo sana, katika jokofu lililotengenezwa kwa ajili yake, swichi zake zimezibwa cheche zisitoke. Hayo aliyajua kwa sababu alitega sikio kila Mama Pacha alipomweleza mteja. Aliyapeleka mjini ya kuwaka, akayaacha ya kuzibwa. Wateja wengine wakaogopa, wakarudi kwetu na majokofu yao ya zamani. Nasi tuliwapokea, Mgeni rasmi. Tusimwachie Fundi Sikio dhambi yote.

Lililomvunja ni la nyumbani. Mkewe huuza maji baridi na barafu barazani. Friji lake lilikuwa likitoa jasho miaka miwili, na mumewe kila siku akisema kesho. Siku moja alirudi kula chakula cha mchana, akafungua friji achukue maji, chupa ikamng'ata vidole kwa ubaridi. Akainama nyuma. Kompresa mpya, swichi mpya, na karatasi imebandikwa kwa mwandiko anaoujua: gramu sitini na mbili.

"Nani kaligusa hili?"

"Aliyeligusa likapona," mkewe akasema.

"Mimi niko hai, na unaniletea fundi mwingine nyumbani kwangu?"

"Mganga hajigangi, nimekubali. Na mgonjwa naye aachwe afe? Miaka miwili nawauzia watu maji vuguvugu, wananiuliza mume wangu anafanya kazi gani."

"Ungemwita yeyote! Ungemwita yeyote, siyo huyu!"

Mkewe aliweka mwiko chini. "Huyu ulimleta mwenyewe nyumbani humu ukaniambia ni mwanao. Sasa kakukosea nini?"

Fundi Sikio alitoka bila kula.

Wiki hiyohiyo muuza nyama wa mtaa wa pili alikuja uwanjani analalamika. Chumba chake cha baridi kilikuwa kimepungukiwa gesi, na ile ya zamani haipatikani madukani. Mama Pacha alikuwa amemkatalia kuweka gesi inayowaka. Alimwambia, "Mashine yako ni kubwa, inakula kilo nyingi, swichi zake ziko wazi, na chumba hakina dirisha. Kuna gesi nyingine isiyowaka inayokufaa, ila lazima oili nayo tuibadilishe. Nimeagiza. Nipe wiki mbili."

Wiki mbili kwa mwenye nyama ni nyingi. Na sikio halilali njaa. Fundi Sikio aliyasikia yote. Akamfuata mlangoni.

"Amekwambia haiwezekani?"

"Amesema nisubiri."

"Mimi nakufanyia leo."

Alikuwa amesikia kwamba gesi mpya ni ndugu wa gesi ya kupikia. Saa nne asubuhi alipita katikati ya uwanja huu na mtungi wa jikoni begani, akaelekea bucha. Alitaka Mama Pacha amwone. Mama Pacha hakuwepo, alikuwa kliniki akikagua jokofu la chanjo. Tuliomwona ni sisi, na kila mmoja wetu alijua mtungi ule ni wa nini. Hakuna aliyesema, "Mzee, simama." Tulitazamana tu. Mmoja akasema taratibu, "Ikikubali, yule mama na mizani yake wataficha wapi uso?" Wengine wakatabasamu.

Ikakubali. Fundi Sikio alijaza kwa sikio, akafumba macho, akaridhika, na chumba kikapoa. Siku nne alitembea kama bwana harusi. Alipita mbele ya banda la Mama Pacha mara tano kwa siku akipiga mluzi. Anasema hajawahi kuwa na furaha kama ile, na hadi leo akiikumbuka anaona haya.

Siku ya tano, asubuhi, muuza nyama alimpigia simu kwamba ananusa kitu. Alipofika, mwenye bucha alikuwa tayari ndani akitoa nyama kwenye ndoano. Fundi Sikio alisimama kwenye kizingiti, bisibisi mkononi. Akainama ili asikilize. Swichi ikafanya tiki.

Hakusikia mlipuko. Anakumbuka rangi ya bluu, kisha yuko nje kwenye lami, mlango umemlalia miguuni. Ndani muuza nyama alikuwa akilia kwa sauti ya mtoto.

Aliyefika kwanza ni Mama Pacha. Alikuwa akirudi kutoka kliniki. Alikimbilia swichi kuu ukutani nje akazima umeme, akajifunga kanga puani, akaingia akitambaa. Alimtoa mwenye bucha kwa kumvuta kola. Sisi tulipofika na ndoo za mchanga, kazi ilikuwa imeshakwisha.

Muuza nyama aliungua mkono na kifua. Fundi Sikio aliungua uso na viganja, na ngoma ya sikio la kulia ilipasuka. Daktari alimwambia sikio hilo halitasikia tena.

Kilichofuata, Mgeni rasmi, ndicho kilichotufanya tugombane kwenye vikao. Mtaa mzima ulisema ni ile gesi ya mama. Bomu alilosemwa kuwa nalo limelipuka. Mkaguzi akaja kutoka ofisini kwako na daftari. Muuza nyama hakuwa na hali ya kuzungumza. Akamuuliza Mama Pacha, "Ni wewe uliyeweka gesi katika mashine ile?"

"Siyo mimi."

"Basi ni nani?"

Mama Pacha alinyamaza. Alijua, mtungi aliuona kwa macho yake, ulikuwa bado umeunganishwa. Mkaguzi akatugeukia sisi. Tulikuwa watu arobaini na mmoja tumesimama hapa. Tukatazama viatu vyetu.

Mkaguzi akafunga daftari, akasema asiposikia jina jingine hadi siku ya tatu, kadi ya Mama Pacha itafutwa na mashine itachukuliwa. Tungeweza kulisema jina palepale. Hatukusema. Tulijidanganya kwamba tunamsitiri mzee wetu. Ukweli ni kwamba kati yetu walikuwepo, na si wachache, waliotaka ile kadi ifutwe.

Mama Pacha alikwenda hospitali siku ya kwanza. Fundi Sikio alimwona mlangoni akageukia ukuta. Yeye akazunguka kitanda, akakaa upande wa sikio zima.

"Baba, ulijaza gramu ngapi?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja Fundi Sikio alijibu, "Sijui."

Mama Pacha alimfunika shuka lililokuwa limeteleza, akaondoka.

Fundi Sikio alilala siku mbili akiwaza. Anasema, na tunaandika kama alivyosema, kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa tamu: nikikaa kimya nimeshinda. Sitainua kidole. Kadi itakwenda, mashine itakwenda, mkoba utakwenda, na uwanja utarudi kama ulivyokuwa. Aliulamba utamu huo hadi alipoletewa uji na mkewe siku ya pili alasiri.

"Yule mama hajakutaja," mkewe akamwambia.

"Kwa nini?"

"Nimemuuliza hivyohivyo. Kasema, 'Baba atakuja mwenyewe.'"

Fundi Sikio akasukuma bakuli. "Angenitaja! Angenitaja tu, tukawa sawa!"

"Sikio la kufa halisikii dawa," mkewe akasema, akakusanya vyombo. "Umebakiwa na moja. Lisikilize hilo."

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, mkaguzi alikuwa ameketi kwenye meza ya mwenyekiti akiandika jina la Mama Pacha. Fundi Sikio aliingia kwa mguu kutoka hospitali, kichwa kimefungwa bandeji, viganja vimefungwa kama glavu. Nesi alikuwa nyuma yake anamfokea. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Futa hapo," alisema. "Ni mimi. Mtungi ni wa jikoni kwangu. Alikataa yeye, nikaweka mimi. Niliweka kwa sababu alikataa."

Mkaguzi akamuuliza, "Hukujua ni hatari?"

"Nilijua. Nilimwonea wivu."

Mkaguzi alishika kalamu muda mrefu. Tunafikiri, Mgeni rasmi, kwenye fomu zenu hakuna mahali pa kuandika sababu hiyo.

MAFANIKIO

Muuza nyama alipona baada ya wiki tano. Fundi Sikio alikwenda kumwomba radhi mara tatu; mara ya tatu akafunguliwa mlango. Umoja ulimsimamisha kazi miezi sita. Siku ileile aliyosimamishwa alitufungulia stoo ya nyumbani kwake. Humo mlikuwa na mitungi kumi na mmoja ya gesi ya zamani aliyomficha hata muuza nyama, akingoja iadimike zaidi. Hiyo ndiyo mitungi ya kwanza ya kituo unachokifungua leo. Kwa sasa tumekusanya kilo mia moja na themanini za gesi ambayo zamani tungeifungulia hewani.

Mama Pacha alianzisha darasa la Jumamosi. Ubao wetu ni mlango wa jokofu bovu, tunauandikia kwa makaa. Siku ya kwanza walikuja tisa. Fundi Sikio alikuja wa kumi, akakaa mwisho kabisa. Mwalimu aliuliza swali, mzee akainua mkono wenye makovu, akasema, "Mwalimu." Neno hilo lilimtoka kama jino. Mama Pacha akasema, "Naam, Baba," na somo likaendelea.

Tulipomsomea Mama Pacha rasimu ya risala hii, hakubadilisha kitu isipokuwa aliomba tuongeze habari moja. "Mmeandika wivu wa Baba peke yake," alisema. "Mimi nilimwonea yeye miaka minane. Nikirudi nyumbani nilikuwa nachukua bisibisi naiweka kwenye friji langu, nasikiliza. Nasikia mngurumo tu. Yeye anasikia ugonjwa, mimi nasikia mngurumo. Nilikuwa nalia. Waliponipa mizani, nilifurahi kwamba sasa sikio lake halina kazi. Siku niliyompelekea mkoba, nusu ya safari ilikuwa heshima, nusu ilikuwa kumringia."

Fundi Sikio alikuwepo. Akasema, "Kumbe! Ningejua hivyo ningekupokea vizuri." Tukacheka hadi wapita njia wakasimama.

Mtihani wa kwanza wa darasa letu Fundi Sikio alipata thelathini na moja kwa mia. Wa pili hamsini na tano. Wa mwezi uliopita themanini na nne, akawa wa pili. Wa kwanza, mwenye themanini na tisa, ni mjane wa mwanachama wetu mmoja, ameanza kazi mwaka huu, bado hajaandikishwa uanachama. Fundi Sikio hajamsalimia vizuri tangu majibu yatoke. Tunalifuatilia suala hilo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba mashine ya pili ya kunyonyea gesi. Hii moja inazungukwa na watu arobaini na watatu kama kisima cha kiangazi.

Tunaomba vitabu vya mafunzo viandikwe kwa lugha tunayoitumia kugombana na kutaniana. Mama Pacha ametafsiri kurasa arobaini kwa mkono wake. Zimebaki mia mbili.

Tunaomba sharti la cheti cha sekondari liondolewe, mtu apimwe kwa mdomo na kwa kazi ya mikono. Wenye cheti ni wachache. Wenye mitungi ni wengi, na gesi haimuulizi anayeifungua aliishia darasa la ngapi.

Ombi la mwisho ni gumu kulisema mbele ya watu. Jumanne iliyopita barua nyingine ilifika kutoka ofisini kwako. Mafunzo ya hatua ya pili, nafasi moja. Mgeni rasmi, hazikupita siku mbili uwanja ukabadilika. Watu waliokula pamoja wakaanza kula kila mtu na kona yake. Mtu alikuta geji yake ya kupimia gesi imevunjwa kioo. Mama Pacha aliambiwa, "Ni yako tena, si ndivyo?" na aliyemwambia ni mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha.

Jana tuliitisha kikao. Fundi Sikio aliomba kusema. "Barua ya namna hii naijua," alisema. "Sikatai mafunzo. Lakini nafasi moja kwa watu wote hawa, mwenye kwenda ataondoka na maadui, na wenye kubaki watabaki na kinyongo. Mimi nimetoa sikio. Nani anataka kutoa nini?"

Tulipiga kura, tukakubaliana wote arobaini na watatu, Mama Pacha naye akiwa wa kwanza kuinua mkono.

HITIMISHO

Kwa hiyo, Mgeni rasmi, nikimaliza kusoma, mwenyekiti wetu atakuja hapo ulipo akukabidhi bahasha. Ndani yake mna barua yako mwenyewe. Tunairudisha kwa adabu na kwa mikono miwili. Usione tumekosa shukrani. Nafasi ile tunaihitaji kuliko unavyodhani, na ndiyo maana tunaiogopa. Tunakuomba ukae nayo, uitazame ile tarakimu moja, na kama una kalamu, uiongezee wenzake. Hata wakiwa watano. Hata wakiwa watatu kwa zamu.

Mola akurudishe salama kwa watu wako, akukutanishe nao wakiwa wazima. Baridi ya nyumbani kwako isikatike wakati wa joto, na jua lisiwachome watoto wako wala wetu.

Ni sisi, tuliokosa na tunaojifunza,
Umoja wa Mafundi Majokofu na Viyoyozi wa Uwanja wa Nyuma ya Soko,
wanachama arobaini na watatu.